Ulikuwa Wapi Siku Ile? Askari wa Vietnam, Dawa ya Majani, na Swali Tunalolijua Sisi Wakimbizi

 

Wiki iliyopita dada yangu mkubwa alinitumia sauti ya WhatsApp kutoka Marekani. Yeye alihamishiwa kule pamoja na mume wake, na kazi aliyopata ni ya kutunza wazee. Kuna mzee mmoja anamhudumia, zamani alikuwa baharia wa jeshi wakati wa vita vya Vietnam. Jina lake silitaji, wala mji wake. Dada anasema chini ya kitanda cha yule mzee kuna boksi limejaa makaratasi: barua alizomwandikia mama yake, picha zilizoandikwa nyuma kwa penseli, nakala za kurasa za daftari la meli, na barua za serikali za kumkatalia. Miaka mingi alikuwa anatafuta kuthibitisha kitu kimoja tu, kwamba mwezi fulani, mwaka fulani, meli yake ilikuwa mahali fulani. Dada akamaliza kwa kucheka: "Mdogo wangu, kumbe hata wazungu wanaulizwa ulikuwa wapi!"

Mimi sikucheka sana. Nilimkumbuka baba.

Baba alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, usiku, kwa mtumbwi, akitoka upande wa Baraka kuja Kigoma. Katika mahojiano ya kwanza alisema waliondoka nyumbani mwezi wa kumi. Katika mahojiano mengine, miaka mingi baadaye, akasema mwezi wa kumi na moja. Hakuwa anadanganya. Mtu anayekimbia risasi na mtoto mgongoni haangalii kalenda. Lakini ndani ya faili, mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja ni kama watu wawili tofauti. Faili likasimama, na mpaka leo limesimama.

Kwa hiyo nikaanza kusoma habari za wale askari. Nilitaka kujua: wenye serikali yao, jeshi lao na kumbukumbu zao, walifanyaje walipoambiwa "thibitisha ulikuwepo"? Nimeona nisikae nayo peke yangu.

DAWA YENYEWE

Mwishoni mwa 1961 Rais John F. Kennedy aliruhusu jeshi la Marekani kumwaga dawa za kuua mimea huko Vietnam ya Kusini. Sababu za kijeshi zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuangusha majani ya msitu ili wapiganaji wa upande wa pili wakose pa kujificha. Ya pili, kuharibu mashamba ili wakose chakula. Mkulima na watoto wake nao walikula kwenye mashamba hayohayo, lakini hilo halikuzuia kitu.

Ndege zilianza Januari 1962 zikaendelea mpaka mwanzoni mwa 1971. Kwa miaka hiyo zilimwagwa zaidi ya lita milioni 70. Dawa zilisafirishwa kwenye mapipa ya lita 208, na kila aina ilikuwa na mstari wake wa rangi kwenye pipa. Ile iliyotumika zaidi ilikuwa na mstari wa rangi ya machungwa, ndiyo maana ikaitwa Agent Orange. Wakati wa kuitengeneza kiwandani, ilikuwa inaingia uchafu uitwao dioksini. Hiyo ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana. Inakaa kwenye udongo, kwenye mafuta ya samaki na bata, na kwenye mwili wa mtu, kwa miaka mingi.

Tatizo la sumu ya namna hii ni kwamba haiachi alama siku ile. Risasi inaacha kovu, unaweza kumwonyesha daktari. Dawa hii ilishuka kama ukungu, askari wakapita msituni, wakanywa maji, wakarudi kwao wazima. Wengi walianza kuugua baada ya miaka 10, 20, hata 30. Saratani, kisukari, magonjwa ya neva. Walipoenda kuomba matibabu na malipo ya ulemavu, waliambiwa walete ushahidi kwamba ugonjwa ule ulitoka Vietnam.

MWANAMKE WA OFISINI ALIYEANZA KUANDIKA ORODHA

Hapa nawaomba wakubwa zetu wa mashirika msome kwa makini, manake sehemu hii inawahusu.

Mwaka 1977, katika ofisi ya serikali ya kuhudumia askari wastaafu mjini Chicago, alikuwepo mfanyakazi mmoja aitwaye Maude DeVictor, mwanamke Mmarekani mweusi. Kazi yake ilikuwa kusaidia watu na madai yao. Siku moja akapokea simu ya mke wa askari aliyekuwa mgonjwa wa saratani, na yule mama akamwambia mume wake anaamini ni ile dawa. DeVictor angeweza kujaza fomu akaendelea na kazi. Badala yake alianza kuwauliza wengine waliokuja mbele yake: ulikuwa wapi, uliona ndege zikimwaga, unaumwa nini? Akaandika majina, orodha ikakua. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha televisheni cha Chicago kikatoa habari hiyo, na nchi nzima ikasikia.

Mwaka huohuo wa 1978, kijana mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa helikopta za jeshi kule Vietnam, Paul Reutershan, alijitokeza kwenye televisheni akiwa na saratani akasema kilichomuua ni Vietnam. Alikufa Desemba, umri wake miaka 28. Wenzake wakaendeleza kesi dhidi ya viwanda vilivyotengeneza dawa. Mwaka 1984 kesi iliisha kwa makubaliano nje ya hukumu, dola milioni 180. Ukizigawanya kwa wagonjwa na familia zao, kila mmoja alipata kidogo, na wengi walikasirika. Na serikali yenyewe ilikuwa bado inadai ushahidi.

KUMBUKUMBU ZA JESHI ZIKASHINDWA

Mwaka 1979 Bunge la Marekani liliagiza ufanyike utafiti mkubwa: askari waliofikiwa na dawa walinganishwe na wasiofikiwa. Miaka ikapita. Mwaka 1987 utafiti ukasimamishwa. Kwa nini? Watafiti walisema kumbukumbu za jeshi haziwezi kuonyesha vizuri nani alifikiwa na nani hakufikiwa. Daftari linaonyesha kikosi kilikuwa wilaya gani. Lakini kikosi kina watu mamia, leo huyu yuko kambini, kesho yule yuko msituni, na hakuna aliyekuwa anaandika kila askari amelala chini ya mti gani.

Hebu fikiria hilo. Jeshi ndilo lililompeleka kijana kule. Jeshi ndilo lililomwaga dawa. Jeshi ndilo lililoshika kalamu na daftari. Daftari lilipoonekana halitoshi, hasara ikabebwa na mgonjwa.

Hata wakubwa hawakusalimika. Admirali Elmo Zumwalt aliongoza majeshi ya wanamaji wa Marekani ndani ya Vietnam kuanzia 1968. Mabaharia wake walikuwa wanauawa kwa kuviziwa kutoka kwenye vichaka vya kando ya mito, akaagiza kingo za mito zimwagiwe dawa. Kati ya vijana waliokuwa kwenye boti za mito hiyo alikuwemo mwanawe mwenyewe. Mwana akafa kwa saratani mwaka 1988. Mwaka 1990 baba huyo aliiandikia serikali ripoti akisema ushahidi wa kuunganisha dawa na magonjwa mengi upo, na kwamba uchunguzi wa serikali ulikuwa haujafanywa kwa haki.

SHERIA YA 1991: SWALI LIKABADILIKA

Februari 1991 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria ya Agent Orange. Sheria hii ndiyo kiini cha habari yetu, kwa hiyo naieleza polepole.

Kabla yake, mgonjwa alitakiwa athibitishe mambo matatu: kwamba anaumwa, kwamba dawa ilimfikia, na kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Sheria mpya ikasema hivi: kama ulihudumu katika Jamhuri ya Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975, na una ugonjwa ulio kwenye orodha, basi tunachukulia kwamba dawa ilikufikia. Hauhitaji kuonyesha ndege iliyopita juu ya kichwa chako. Wanasheria huita kitu hiki dhana ya kisheria: jambo linahesabiwa kuwa kweli mpaka mwingine alete ushahidi wa kulikanusha. Mzigo ukahama kutoka mgongo wa mgonjwa.

Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini na yenyewe ilikuwa na mlango mwembamba. Sasa kila kitu kilisimama juu ya swali moja, ulikuwa wapi? Na maneno "katika Jamhuri ya Vietnam" yakapiganiwa karibu miaka 30.

BAHARINI SI NCHI?

Mwanzoni, baharia aliyekuwa na medali ya vita vya Vietnam alihesabiwa kuwa alikuwepo. Mwaka 2002 serikali ikabadilisha utaratibu. Sasa ilidai uwe ulikanyaga nchi kavu kwa miguu yako, au chombo chako kiwe kiliingia kwenye mito ya ndani. Kama meli ilikaa baharini tu, hata kama pwani uliiona kwa macho, hesabu yako ni kwamba hukuwepo.

Baharia mmoja, Jonathan Haas, alikuwa kwenye meli ya kubeba silaha na mabomu, USS Mount Katmai. Alisema ukungu wa dawa ulitoka pwani ukafika mpaka melini. Alikuwa na kisukari, ugonjwa ulio kwenye orodha. Mwaka 2006 mahakama ya askari wastaafu ikampa haki. Mwaka 2008 mahakama ya juu yake ikamnyang'anya, ikisema serikali inaruhusiwa kudai mguu uwe uligusa ardhi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifikiria. Meli za kivita zilipata maji ya kunywa kwa kuchemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke. Watafiti wa Australia, nchi ambayo nayo ilipeleka askari Vietnam, walionyesha mwaka 2002 kwamba mitambo ya namna hiyo inaweza kupitisha dioksini ikaingia kwenye maji ya kunywa, tena ikiwa imekolea zaidi. Baharia ambaye hakukanyaga nchi angeweza kuinywa sumu kwenye kikombe chake cha chai.

Baadaye akaja Alfred Procopio, aliyekuwa kwenye meli kubwa ya kubeba ndege, USS Intrepid. Julai 1966 meli hiyo ilikuwa ndani ya maji ya Vietnam. Alikuwa na kisukari na saratani ya tezi dume, akakataliwa kwa sababu ileile ya kukanyaga. Tarehe 29 Januari 2019 mahakama ya rufaa ikatoa hukumu: nchi haiishii kwenye mchanga wa pwani. Kwa sheria za mataifa, nchi ni pamoja na maji yake, maili 12 za baharini, kama kilomita 22. Kwa hiyo aliyekuwa ndani ya maji hayo alikuwa Vietnam. Mwaka huohuo Bunge likaandika sheria, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2020.

Hapo ndipo madaftari ya meli yalipopata thamani. Kila meli ya kivita ina daftari ambalo ofisa wa zamu anaandika: saa fulani tuko mahali fulani, tumetia nanga, tumeelekea kaskazini. Kurasa hizo zilihifadhiwa miaka yote, mamilioni ya kurasa, zikapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta ili mahali pa meli pafananishwe na ule mstari wa maili 12. Yule mzee wa dada yangu alipata malipo yake hivyo. Kurasa mbili za daftari, zilizoandikwa na ofisa ambaye pengine hakujua kwamba anaandika kitu cha kumsaidia mtu baada ya miaka 50.

FENSI YA THAILAND

Ndege nyingi zilizopiga Vietnam zilikuwa zinaruka kutoka Thailand, kwenye kambi kama Udorn, Ubon, Korat na U-Tapao. Kando ya fensi za kambi hizo majani yaliuliwa kwa dawa ili walinzi waone mbali. Kwa miaka, serikali ilikubali madai ya watu ambao kazi yao ilikuwa pale kwenye fensi: walinzi, watunza mbwa wa doria. Mpishi au fundi wa ndege aliyelala kwenye banda la karibu na fensi hiyohiyo alitakiwa athibitishe kwamba alikuwa anapita pale. Utathibitishaje kwamba ulikuwa unapita kando ya fensi ukienda kulala? Watu wakatafuta ramani za zamani, picha, na wenzao wa kuwatolea ushahidi.

Wa Laos hali yao ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu vita vya kule vilifichwa. Kama serikali inasema hatuna askari mahali pale, karatasi itasemaje kwamba ulikuwepo?

Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria nyingine kubwa, iitwayo PACT. Sasa aliyekuwa kwenye kambi yoyote ya kijeshi ya Thailand kati ya Januari 1962 na Juni 1976 anakubaliwa, haijalishi alikuwa mpishi au mlinzi. Laos ikaingia, sehemu za Kambodia zikaingia, na visiwa vya Guam na Samoa ya Marekani pia. Shinikizo la damu likaongezwa kwenye orodha ya magonjwa. Tangu siku ya mwisho ya vita mpaka sheria hiyo ni miaka 47. Hesabu mwenyewe wangapi walikuwa wameshazikwa.

KARATASI ZINAPOUNGUA

Wengine tunadhani kupoteza karatasi ni mambo yetu sisi tuliokimbia. Tarehe 12 Julai 1973, jengo la serikali ya Marekani la kuhifadhi mafaili ya wanajeshi, karibu na mji wa St. Louis, lilishika moto. Yaliungua mafaili milioni 16 mpaka 18. Mengi yalikuwa ya watu waliotoka jeshini kabla ya miaka ya 1960, kwa hiyo wa Vietnam wengi walisalimika, lakini wazee wa vita vya nyuma walijikuta hawana hata karatasi moja. Hapakuwa na nakala. Hapakuwa na hata orodha ya kilichoungua.

Walifanya nini? Waliyajenga mafaili upya kutoka pembeni: hati za mishahara, kumbukumbu za hospitali, orodha za asubuhi za vikosi. Na mpaka leo, askari ambaye karatasi yake haionekani anaweza kuleta barua ya mtu aliyehudumu naye: nilikuwa naye, mahali fulani, mwaka fulani, nilimwona kwa macho yangu. Sheria yao pia inasema, ushahidi wa pande mbili ukilingana, mashaka yanamwendea mwombaji. Anapewa yeye.

WALE AMBAO HAKUNA ALIYEWAULIZA

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikose usingizi.

Mwaka 2003 mtafiti Jeanne Stellman na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu yao mpya, wakitumia kumbukumbu za safari za ndege zenyewe. Walifuata njia za ndege wakazilinganisha na vijiji vilivyokuwa chini. Walipata kwamba watu kati ya milioni 2.1 na milioni 4.8 walikuwa kwenye vijiji vilivyomwagiwa.

Hao hawakuhitaji daftari la meli. Hakuna anayeweza kuwauliza "mlikuwa wapi?" kwa sababu walikuwa nyumbani kwao. Januari 2004 Wavietnam walifungua kesi New York dhidi ya viwanda vya dawa. Machi 2005 jaji akaitupa, akisema kutumia dawa ya mimea wakati ule hakukuwa kumekatazwa na sheria za mataifa. Rufaa ikashindwa 2008, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu kabisa ikakataa kuisikiliza. Marekani imetoa pesa za kusafisha udongo, Da Nang kazi ikaisha 2018, ikafuata Bien Hoa. Lakini dhana ile ya kisheria, ile ya "ulikuwepo, basi tunakuamini", haikuandikwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo nilijifunza kwamba kuthibitisha mahali ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni kuwa na sheria inayokubali kukusikiliza. Askari waliipata sheria hiyo kwa sababu walikuwa raia, walipiga kura, walikuwa na vyama, na walikataa kunyamaza kwa miaka 40. Mwanakijiji alikuwa na ukweli uleule, ila hakuwa na meza ya kuuweka.

NA SISI?

Sisi hatuko kama askari, wala hatuko kama wale wanakijiji kabisa. Tuko katikati. Sheria ya kutusikiliza ipo. Mkataba wa wakimbizi upo tangu 1951. Na kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha mwaka 1979 kinasema wazi kwamba ni vigumu kwa mkimbizi kuthibitisha kila sehemu ya maelezo yake, na kwamba kazi ya kutafuta ukweli ni ya wote wawili, mwombaji na anayemhoji. Kinasema pia kwamba mtu aliyejitahidi kwa dhati, na maelezo yake yakaaminika kwa ujumla, apewe nafasi ya kuaminiwa pale penye mashaka. Ni wazo lilelile la askari. Wengi wetu hatulijui, tunaingia kwenye mahojiano tukitetemeka kama watuhumiwa.

Kwa hiyo wenzangu, haya ndiyo ninayoyachukua kwenye boksi la yule mzee.

Karatasi ya kukusaidia mara nyingi si ile unayoifikiria. Daftari la meli liliandikwa kwa ajili ya nahodha, likamsaidia mgonjwa. Kwako inaweza kuwa cheti cha ubatizo, risiti ya ada, daftari la shule lenye jina la mwalimu na tarehe. Usitupe. Piga picha, mtumie ndugu yako aliye mahali pengine, ili moto au mvua ikija isichukue zote.

Andika sasa, wakati wazee wapo. Usimuulize mzee "tarehe ngapi?" Muulize mihogo ilikuwa imefika wapi, mvua ilikuwa imeanza au bado, mtoto gani alikuwa anajifunza kutembea. Tarehe utaitafuta wewe baadaye kwa kulinganisha. Na asipokumbuka, andika kwamba hakumbuki. Usimtungie. Ukitunga leo, kesho ndicho kitakachomwangusha.

Tuwe mashahidi wa wenzetu, lakini kwa kile tulichokiona tu. Barua ya askari mwenzako ilikuwa na nguvu kwa sababu alisema "nilimwona", hakusema "nilisikia".

Na nyinyi mnaoketi upande wa pili wa meza, nawaheshimu, najua mafaili ni mengi na siku ni fupi. Mkikuta mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja kwenye faili moja, kumbukeni jeshi tajiri kuliko yote duniani lilishindwa kusema askari wake walikuwa wapi. Muulizeni mtu kabla hamjaandika kwamba amejipinga. Maude DeVictor alikuwa na fomu zilezile walizokuwa nazo wengine. Tofauti yake ni kwamba aliuliza swali la pili.

Baada ya kusikia sauti ya dada nilikwenda kukaa na baba nje ya nyumba. Mama alikuwa anachambua maharage, akatusikia. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake kadi ya kliniki ya dada, ya kijani, imekunjika, pembe moja imeliwa na panya. Chanjo ya mwisho kupigwa nyumbani ina muhuri na tarehe ya mwezi wa kumi, 1996. Mama akasema, "Baada ya sindano hii mtoto alipata homa siku tatu. Homa ilipoisha, siku ya pili yake ndiyo tukaondoka."

Miaka yote hiyo kadi ilikuwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyemuuliza mama, kwa sababu mahojiano yalikuwa ya baba.

Sijui kama itatosha. Nimeipiga picha pande zote mbili, nimeandika maneno ya mama kama alivyoyasema, na Jumatatu nitampeleka baba nayo ofisini. Wewe nawe leo jioni muulize mama yako ana nini kwenye mfuko wake.